KABLA YA HISTORIA YA NANI?
Uhakiki wa lugha ya akiolojia ya wenyeji wa Australia

Katika vitabu vingi vya historia vinavyosomwa shuleni, zama zote zilizotangulia maandishi huwekwa chini ya kichwa kimoja: "kabla ya historia". Sisi walimu wa lugha huyapokea maneno hayo kutoka kwa wenzetu wa somo la historia, tukayaandika ubaoni, tukaendelea na kazi. Makala haya yanakusudia kuyasimamisha maneno hayo, pamoja na mengine ya jamii yake, na kuyauliza yametoka wapi na yanamtumikia nani. Mfano nitakaoutumia ni wa mbali, nao ni akiolojia ya wenyeji wa asili wa Australia, ambao wengi huwaita Waaborijini. Nimeuchagua kwa kuwa huko elimu hiyo imekua haraka sana katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na kwa kuwa huko wale ambao mababu zao walifukuliwa waliwajibu wafukuaji waziwazi, kwa hotuba na kwa maandishi. Palipo na jibu pana mjadala, na palipo na mjadala pana kazi ya mhakiki.

Maandishi nitakayoyatazama hasa ni matatu: kitabu cha John Mulvaney kiitwacho The Prehistory of Australia, kilichotoka mwaka 1969, kitabu cha Josephine Flood, Archaeology of the Dreamtime, cha mwaka 1983, na hotuba ya Ros Langford, Our Heritage – Your Playground, iliyochapishwa mwaka huo huo wa 1983 katika jarida la Australian Archaeology. Nitagusa pia filamu moja na ubishi mmoja wa miaka ya karibuni.

Sifa za Mulvaney, na kasoro ya jina la kitabu

Ni haki kuanza na sifa. Kabla ya Mulvaney, wasomi wengi wa Australia waliamini kwamba wenyeji walifika huko juzi tu, na kwamba tangu kufika kwao hawakubadilika kwa lolote. Imani hiyo iliwafaa waliokuwa wamekwisha kuitwaa ardhi, kwani mtu asiye na muda mrefu mahali na asiye na mabadiliko hahesabiwi kuwa na madai makubwa. Mulvaney alikwenda Cambridge kusomea akiolojia, akarudi kwao, na mwaka 1956 akaanza kufukua Fromm's Landing, kando ya mto Murray. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifukua pango la Kenniff huko Queensland, na vipimo vya kaboni vikaonyesha kwamba watu waliishi humo tangu zama za barafu, yaani zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa pigo moja imani ya zamani ikaanguka.

Kitabu chake cha 1969 kinafungua kwa tamko ambalo wakati ule lilikuwa jasiri: kwamba waliogundua Australia, wakaichunguza na kuikalia, ni Waaborijini wenyewe. Tusisahau kwamba watoto wa nchi ile walikuwa wakifundishwa kwamba mgunduzi ni James Cook, aliyefika pwani ya mashariki mwaka 1770. Mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho kutoka, mwanaanthropolojia W. E. H. Stanner alikuwa amewalaumu Waaustralia wenzake katika mihadhara ya redio kwa ukimya wao mkubwa juu ya wenyeji. Mulvaney aliuvunja ukimya huo upande wa mambo ya kale. Mwandishi wa namna hii hastahili dharau.

Hata hivyo, tamko la ndani linagombana na jina lililo juu ya jalada. Jina linasema kwamba yote yaliyotokea kabla ya mwaka 1788, meli za wafungwa za Waingereza zilipotia nanga, ni mambo ya "kabla ya historia". Basi miaka 40,000 na zaidi inakuwa utangulizi, na miaka mia mbili na kitu inakuwa kitabu chenyewe. Mgunduzi, mchunguzi na mkaaji wa nchi anasifiwa katika ukurasa wa kwanza, lakini mlango wa historia anafunguliwa na mwingine.

Mtetezi wa neno hilo atajibu kwamba ni istilahi ya kitaalamu tu, yenye maana ya "kabla ya maandishi". Jibu hilo halitoshi. Wakati Waingereza wanafika, Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila lugha ilibeba nyimbo, majina ya mahali na masimulizi. Wataalamu wawili, Patrick Nunn na Nicholas Reid, wamekusanya masimulizi kutoka sehemu 21 za pwani ya Australia yanayoeleza jinsi bahari ilivyoimeza nchi kavu. Nao wanatoa hoja kwamba masimulizi hayo yanakumbuka kupanda kwa maji baada ya zama za barafu, jambo lililokoma zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Ikiwa hoja hiyo ni ya kweli hata kwa nusu yake, kumbukumbu hiyo ni ndefu kuliko maandishi yoyote yaliyowahi kuandikwa duniani. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunapaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili. Pio Zirimu wa Uganda alipobuni istilahi mpya ya Kiingereza kwa sanaa hiyo, ilikuwa ni kwa sababu ile ya zamani iliifanya sanaa ya mdomo ionekane kuwa kivuli cha sanaa ya kalamu. Historia nayo inadai haki hiyo hiyo.

Mifupa ya ziwa Mungo

Mahali ambapo maneno yalikutana na mifupa ni ziwa Mungo, katika eneo la maziwa ya Willandra, jimbo la New South Wales. Msomaji wa Kiswahili asilichanganye jina hilo na neno la dini. Lililetwa na wafugaji kutoka Uskoti. Ziwa lenyewe lilikauka maelfu ya miaka iliyopita, na upepo umekuwa ukiufumua ukingo wake wa mchanga. Mwaka 1968 mtaalamu wa miamba, Jim Bowler, aliona humo mifupa iliyoungua. Mwaka uliofuata alirudi na wenzake, Mulvaney akiwa miongoni mwao, nao wakatambua kwamba ni mabaki ya mwanamke aliyechomwa baada ya kufa, kisha mifupa yake ikavunjwavunjwa na kuzikwa. Mabaki hayo yalisafirishwa hadi Canberra ndani ya sanduku la nguo la Mulvaney. Mwaka 1974 Bowler aliona mabaki mengine, ya mwanamume aliyelazwa kaburini na kunyunyiziwa ngeu nyekundu, ambayo ilibidi iletwe kutoka mbali. Vipimo vya baadaye vimewapa wote wawili umri wa miaka 40,000 hivi, na mwanamke yule anatajwa kuwa mtu wa kale zaidi duniani anayejulikana kuchomwa kwa taratibu za mazishi.

Habari hizi zilienea ulimwenguni, na kwa haki. Zilionyesha kwamba watu wa zama hizo walikuwa na heshima kwa wafu wao, walikuwa na taratibu, na bila shaka walikuwa na lugha ya kuzieleza taratibu hizo. Lakini tutazame majina waliyopewa. Katika maandishi ya kitaalamu mwanamke aliitwa "Mungo 1" na mwanamume "Mungo 3". Watu wa Mutthi Mutthi, Paakantyi na Ngiyampaa, ambao ardhi ile ni yao, wao huwataja kama wazee wa ukoo. Si tofauti ndogo. Nambari huwekwa juu ya kitu, na kitu hakiulizi kwa nini kimewekwa kabatini. Bibi wa ukoo, kwa upande wake, ana wajukuu, na wajukuu wana haki ya kuuliza amepelekwa wapi na atarudi lini. Mafundi wa akiolojia hawakukusudia matusi. Walifuata desturi ya kazi yao. Lakini desturi ya kazi inaweza kufanya lile ambalo moyo wa mtu haukukusudia.

Wajukuu waliuliza. Mwaka 1992 bibi alirudishwa kwao, akawekwa katika hazina iliyofungwa kwa funguo mbili, mmoja wa wazee na mwingine wa wataalamu. Mwanamume alirudi nyumbani Novemba 2017, amebebwa katika gari la maiti, huku watu wakijipanga kumpokea. Mwaka 2022 wote wawili walizikwa upya.

"Wa mwisho"

Neno la pili linalostahili uhakiki ni "wa mwisho". Truganini, mwanamke wa Tasmania, alifariki mwaka 1876, na wakoloni wakamtangaza kuwa mtu wa mwisho wa watu wake. Katika uhai wake alihofia kwamba maiti yake ingekatwakatwa, kama ilivyofanyiwa maiti ya mwenzake William Lanne mwaka 1869. Hofu yake haikuheshimiwa. Mifupa yake ilifukuliwa, na kuanzia mwaka 1904 hadi 1947 ikaonyeshwa katika makumbusho ya Hobart. Ilichomwa na majivu yake kumwagwa baharini mwaka 1976 tu, miaka mia moja baada ya kifo chake.

Ni nani waliodai mifupa hiyo ichomwe? Ni Waaborijini wa Tasmania, wale wale ambao kwa mujibu wa vitabu walikuwa wamekwisha kutoweka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, ilitoka filamu ya Tom Haydon iitwayo The Last Tasmanian, mwanaakiolojia Rhys Jones akiwa kiongozi wa simulizi lake. Filamu hiyo ilikusudia kulaani mauaji yaliyofanywa na wakoloni, na hiyo ni nia njema. Lakini kwa kulaani mauaji iliyatangaza kuwa yamekamilika, na hivyo ikawanyima uhai walionusurika. Zaidi ya hayo, Jones alikuwa amekwisha kudai kwamba kutengwa kisiwani kwa maelfu ya miaka kulikuwa kumeanza kuzidumaza akili za watu hao, akitoa ushahidi kwamba waliacha kula samaki na kutumia baadhi ya zana. Hapa akiolojia ilitoka katika kuhesabu miiba ya samaki ikaingia katika kuzihukumu akili za watu, na daraja kati ya mambo hayo mawili halikujengwa kwa ushahidi.

Katika hali hiyo ndipo tunapaswa kuisoma hotuba ya Ros Langford. Mwaka 1982 wanaakiolojia wa Australia walikutana Hobart, mji ule ule wa makumbusho, na Langford akazungumza kwa niaba ya jumuiya ya Waaborijini wa Tasmania. Yaani mtu ambaye filamu ilikuwa imemtangaza kuwa hayupo alisimama mbele ya wataalamu wa wasiokuwapo. Hoja yake, nikiifupisha kwa maneno yangu, ni kwamba mambo ya kale ya Waaborijini ni sehemu ya maisha yao ya leo. Kwamba wao ndio wenye mali na wataalamu ni wageni. Na kwamba sayansi haiwezi kujitoa katika historia ya unyang'anyi kwa kusema tu kwamba inatafuta ukweli.

Nguvu ya maandishi haya imo katika vimilikishi viwili vya jina lake: urithi ni wetu, uwanja wa kuchezea ni wenu. Hapa lugha za Waaborijini zenyewe zinaweza kutufundisha jambo. Nyingi kati ya lugha hizo zina viwakilishi viwili kwa lile ambalo Kiswahili hukisema kwa neno moja "sisi": kimoja kinamhusisha anayeambiwa, na kingine kinamwacha nje. Mtaalamu anaposema kwamba mifupa ya kale ni "urithi wetu sote, wanadamu", anatumia "sisi" yenye kumkumbatia kila mtu, lakini wanaokumbatiwa hawakuulizwa. Langford anajibu kwa "sisi" ya pili. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika umbo la neno, na kwa sababu hiyo sisi wasomaji wake tunapaswa kuwa macho zaidi kila tunapokutana na "wetu" katika maandishi ya namna hii.

Je, hotuba hiyo haina upungufu? Unao. Ni fupi, ni ya kudai haki, na haisemi jambo la kutosha juu ya siku ambayo wenye mali wenyewe watatofautiana. Siku hiyo imefika. Mazishi ya Mungo ya mwaka 2022 yaliwagawanya watu wa Willandra: wako waliotaka wazee wao wapumzike kimya ardhini, na wako waliopinga jinsi jambo hilo lilivyofanywa, wakisema hawakushirikishwa na kwamba walitaka mahali pa heshima ambapo vizazi vijavyo vingewakumbuka na hata kujifunza kutoka kwao. Mulvaney naye alikuwa ameonya juu ya jambo la namna hii. Mwaka 1990 mabaki ya watu wa kale kutoka Kow Swamp, yaliyokuwa yamefukuliwa na Alan Thorne, yaliporudishwa kwa wenyeji wa Victoria, yeye aliyekuwa rafiki wa haki za Waaborijini alipinga. Aliona kwamba uamuzi wa kizazi kimoja unawafungia mlango wajukuu watakaotaka kujua.

Hoja ya Mulvaney ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini inakosa hatua moja. Kujali maslahi ya wajukuu wa watu wengine ni wema. Kuamua badala ya baba zao ni jambo jingine. Ubishi wa wenyeji wa Willandra kati yao haumrudishii mgeni ufunguo. Unathibitisha tu kwamba wao ni watu kama watu wengine wote, wenye kubishana juu ya makaburi ya wazee wao kama tunavyobishana katika koo zetu.

Ndoto za nani?

Kitabu cha Josephine Flood kimewafikia wasomaji wengi wasio wataalamu, na kwa sababu njema: kinaeleza mapango, zana, michoro ya miambani na vipimo vya umri kwa lugha iliyo wazi. Mwalimu yeyote anayetaka kujua jinsi kazi ya akiolojia inavyofanywa atafaidika nacho. Shaka yangu iko tena katika jina. "Dreamtime" ni tafsiri ya Kiingereza iliyoenezwa mwishoni mwa karne ya 19 na Francis Gillen na Baldwin Spencer, kutokana na neno la watu wa Arrernte wa Australia ya kati. Neno lenyewe lina maana pana: asili ya ulimwengu, matendo ya wahenga walioziumba nchi, na sheria inayoendelea kuwafunga watu hadi leo. Watu wa Pitjantjatjara husema Tjukurpa, watu wa Warlpiri husema Jukurrpa. Katika maneno hayo sheria, ardhi na ukoo havitengani, na wala si mambo yaliyopita.

Stanner aliyekwisha kutajwa alionya kwamba si sawa kuufungia uhai huo ndani ya "wakati" uliokwisha. Kwetu sisi hatari ni kubwa zaidi. Mfasiri akiandika kwa Kiswahili "Wakati wa Ndoto", msomaji atakumbuka mara moja ndoto za Alinacha, yaani matumaini ya mtu anayejidanganya. Neno lililo sheria kwa wenyewe litakuwa upuuzi kwetu, na hapo tafsiri itakuwa imefanya uharibifu bila mtu kuona. Napendekeza kwamba mfasiri aliache neno la wenyewe kama lilivyo, akilieleza mara moja kuwa ni "sheria ya asili waliyoiacha wahenga". Itakuwa ndefu, lakini haitadanganya.

Jina la Flood lina ugumu mwingine: linaiambia akiolojia na Tjukurpa kwamba zinachimba shimo moja. Sivyo. Akiolojia hupima, na iko tayari kusahihishwa na kipimo kipya. Tjukurpa humwambia mtu yeye ni nani na awajibike kwa nchi ipi. Mzee anayesema kwamba watu wake wamekuwapo hapo tangu mwanzo hashindani na mtaalamu anayesema miaka 40,000. Kila mmoja anajibu swali lake.

Mkulima na mwindaji

Mwaka 2014 Bruce Pascoe alitoa kitabu kiitwacho Dark Emu, ambacho kilisomwa na watu wengi mno. Akitumia shajara za wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19, anadai kwamba Waaborijini walilima, walihifadhi nafaka na walijenga nyumba, na kwamba kuwaita wawindaji na waokotaji ni uongo wa kikoloni. Mwaka 2021 Peter Sutton na Keryn Walshe walimjibu kwa kitabu kizima, wakisema kwamba anazidisha, na kwamba watu hao walikuwa na maarifa ya kina ya nchi yao bila kuwa wakulima.

Mimi si mtaalamu wa nafaka. Nauhakiki mzani unaotumika. Pascoe anataka kuwapa Waaborijini heshima, na ili kuwapa anawaita wakulima. Maana yake ni kwamba amekubali tangu mwanzo kwamba mwindaji hana heshima. Ameugeuza mtu mahali pake katika ngazi, lakini ngazi ameiacha imesimama. Ngazi hiyo tunaijua. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, Watwa wamedharauliwa kwa miaka mingi na majirani zao wakulima na wafugaji kwa sababu tu ya kuishi kwa msitu.

Ushahidi wa mawe unaonyesha njia bora. Huko Budj Bim, Victoria, watu wa Gunditjmara walichimba mifereji na kujenga kuta katika mawe ya volkeno ili kuwaongoza na kuwafuga mikunga, kazi iliyoanza yapata miaka 6,600 iliyopita. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Watu hao tuwaite nani, wavuvi, wafugaji au wahandisi? Maneno yetu yanashindwa, na ni afadhali neno lishindwe kuliko mtu apunguzwe ili aenee ndani yake.

"Uokoaji" wa Juukan

Kama msomaji anafikiri kwamba haya yote ni ubishi wa maneno tu, na atazame bonde la Juukan, katika eneo la Pilbara, Australia Magharibi. Humo yalikuwamo mapango ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Mwaka 2013 kampuni ya madini ya Rio Tinto ilipata kibali cha kuyaharibu, chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya urithi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 wanaakiolojia walifukua humo kazi ambayo katika lugha ya taaluma huitwa ya "uokoaji". Walipata vitu 7,000 hivi. Walipata mfupa wa kangaruu uliochongwa kuwa zana, wa miaka 28,000. Walipata kipande cha mshipi wa nywele za binadamu zilizosukwa, wa miaka 4,000 hivi, na uchunguzi wa chembe za urithi ukawaunganisha wenye nywele hizo na watu wanaoishi huko leo. Umri wa makazi ulifika miaka 46,000.

Elimu hiyo yote haikuyaokoa mapango. Sheria haikuwa na njia ya kuwawezesha wenyeji kulirudia shauri baada ya maarifa mapya kupatikana. Tarehe 24 Mei 2020 baruti ililipuliwa ili kuyafikia mawe ya chuma. Mwezi wa Septemba mwaka huo ilitangazwa kwamba mkurugenzi mkuu wa kampuni na wakubwa wenzake wawili wangeondoka. Jimbo lilitunga sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2023, likaifuta mwaka huo huo, na kuirudisha ile ya 1972 ikiwa na marekebisho.

Sasa tulirudie neno "uokoaji". Kilichookolewa ni vitu vilivyowekwa katika masanduku. Nyumba yenyewe, ambayo wajukuu wa waliosuka zile nywele walikuwa bado wanaitambua kuwa ya wazee wao, iliangamizwa. Tena ufukuaji ulifanywa kwa kuwa maangamizi yalikwisha kuruhusiwa. Neno linalotumika kwa mtu anayetolewa ndani ya moto linatumiwa hapa kwa kutoa vyombo nje ili nyumba ichomwe. Hakuna mwanaakiolojia mmoja ninayemlaumu. Walioshika sururu walifanya kazi kwa uaminifu, na matokeo yao ndiyo yaliyoufumbua macho ulimwengu. Lakini taaluma iliyokubali kuita jambo hilo uokoaji ilikuwa imekwisha kumpa mwenye baruti nusu ya hoja yake.

Njia nyingine ipo. Katika pango la Madjedbebe, kaskazini mwa nchi, watafiti walifukua kwa mapatano na watu wa Mirarr, ambao walikuwa na haki ya kuisimamisha kazi wakati wowote. Haki hiyo haikuiua sayansi. Mwaka 2017 ilitangazwa kutoka humo tarehe ya miaka 65,000, ambayo wataalamu wengine bado wanaibishia, kama ilivyo desturi njema ya elimu. Mgeni aliyebisha hodi alikaribishwa ndani.

Sarafu za Kilwa

Kuna uzi mmoja unaoifikia pwani yetu wenyewe. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Baadaye tano kati yake zilitambuliwa kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Mwaka 2013 magazeti mengi yalizishangilia, yakiuliza kama historia ya ugunduzi wa Australia haina budi kuandikwa upya. Msomaji wa Kiswahili naye hushawishika kujivuna. Lakini namna sarafu hizo zilivyofika haijathibitishwa, na hata kama baharia wa Kilwa angekuwa amezidondosha kwa mkono wake, asingekuwa mgunduzi wa kitu. Angekuwa mgeni aliyefika katika pwani ya watu wa Yolngu, ambao walikuwa na majina ya visiwa vile kwa lugha yao. Tukimnyang'anya Cook cheo hicho ili tumpe Mswahili, hatujasahihisha kosa, tumelibadilishia kanzu.

Tufundishe nini?

Nahitimisha kwa mapendekezo machache kwa walimu wenzangu. Kwanza, tuache "kabla ya historia" kila tunapoweza, tuseme "historia ya kale" au "historia isiyoandikwa". Pili, "ugunduzi" tulitumie kwa yule aliyefika mahali pasipo na mtu. Tatu, majina ya imani za watu tusiyafasiri kwa haraka, tuyaeleze kwanza. Nne, tunapowapa wanafunzi habari ya watu "waliotoweka", tuwafundishe kuuliza ni nani aliyetoa habari hiyo, na kama wahusika walipata nafasi ya kuikanusha.

Kuhusu vile vitabu viwili na hotuba, shauri langu ni kwamba visomwe kwa pamoja. Mulvaney peke yake atamfundisha mwanafunzi kipimo bila kumwonyesha aliyepimwa. Flood atampa picha nzuri yenye jina lenye utata. Langford peke yake atampa hasira iliyo ya haki bila kumpa tarehe hata moja. Wakisomwa pamoja, mwanafunzi ataona jambo lililo adimu katika vitabu vya shule: taaluma yenye heshima ikiambiwa na wenye mali kwamba iliingia bila hodi, na baadhi ya wataalamu wake, si wote, wakirudi mlangoni kubisha.